Mashine ya Maji Iliyokuwa Ikisahau

Ujerumani, Jumapili ya baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo na kwa baba, najua yuko hapo pembeni anajifanya hasikilizi. Goti lake linaendeleaje? Na mvua je, imenyesha hata kidogo huko Mazingara, au bado mnalitazama lambo tu? Mimi mzima, nakula, nalala, na soksi ulizonisisitizia navaa mbili mbili.

Barua hii anakuletea fundi Mbwana wa Korogwe pamoja na boksi. Mpe chai kwanza, boksi alifungue baadaye, maana nina maneno mengi na kwenye simu unanikatiza. Ndiyo mama, unanikatiza. Tangu nikiwa mdogo hakuna aliyenikatiza kama wewe, hasa adhana ikilia: redio inazimwa, mchi unalazwa, na mimi naonyeshwa kidole mdomoni mpaka mwadhini amalize. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa habari yenyewe. Mashine yako ya kuuzia maji pale kioskini imepona. Nimelisema mapema ili moyo utulie, mengine soma taratibu.

Najua ulivyoteseka. Watu wanapanga madumu tangu asubuhi, wanagusisha kadi, mashine inaongea vizuri, halafu siku moja inaganda kwenye ile picha ya tone la maji na salio la kila mtu limepotea. Mbwana anakuja na pikipiki, anaiandikia kumbukumbu upya, inafanya kazi, kisha inasahau tena. Na watu hawakuisema mashine, walikusema wewe. Mara una nuksi, mara unachezea maji ya watu, lisemwalo lipo. Uliponiambia kamati ya maji imeamua kwamba ikigoma tena utanyang'anywa ufunguo wa kioski, nililia chooni kazini, mama. Mimi ndiye ninayelipwa kutengeneza mashine hizo hizo, na nilikuwa nashindwa kumwokoa mama yangu.

Sisi huku tulishikilia kwamba ni joto. Ilielekea kuwa kweli: kioski chako kinagoma, cha Mazinde kwenye mikonge kinagoma, cha Lutindi juu mlimani hakijawahi kugoma hata siku moja. Wote tukasema jua la bondeni linaunguza kumbukumbu. Mwenzangu Jonas, ambaye meza yake inatazamana na yangu, akaziweka mashine kwenye oveni. Tulizioka kama mikate, zikatoka zinaongea. Tukaziba vumbi, tukabadilisha aina ya kumbukumbu, wapi! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu ikaja ile siku niliyokupigia ukiwa kioskini. Ulikuwa unanisimulia habari ya mbuzi wa shangazi aliyekula kanga yako. Nyuma yako nasikia maji yanaingia kwenye dumu, na mashine inasema kwa ile sauti yake ya kimjini, "Tafadhali subiri, maji yana..." Ikakatika. Kisha nikamsikia mwadhini. Ukaniambia ningoje, nami nikangoja mpaka mwisho, kidole mdomoni, mtu mzima na cheti changu. Alipomaliza nikakuuliza mashine imepatwa na nini.

"Nimeizima swichi kubwa," ukasema. "Iongee na adhana inaongea?"

Mama, nilisimama. Huku nilipo adhana haisikiki mtaani, naswali kwa kutazama simu, na jambo hilo lilikuwa limenitoka kabisa kichwani. Mashine ile kila dumu likijaa inaandika salio jipya la mwenye kadi. Ukikata umeme hapo katikati, inabaki na neno nusu, si la zamani wala si jipya. Mara nyingi inajikwamua. Lakini siku ukiikata inapoandika ule ukurasa unaoieleza kila kitu kimekaa wapi, ikiamka haijijui hata yenyewe. Nikampigia mzee Sefu, anayelinda kioski cha Mazinde. Naye huizima kila adhana. Alicheka sana, akaniuliza kama nilitaka aiache ijibizane na mwadhini. Lutindi kioski kiko karibu na misheni, mbali na msikiti, hakuna anayekizima. Joto la watu tulikuwa tunalisingizia bure.

Nikamweleza Jonas. Tukawa tunakata umeme huku maji yanatoka, tunawasha, tunakata tena. Kabla ya chakula cha mchana mashine ikaganda kwenye tone la maji, ugonjwa uleule. Nilipiga kigelegele humo ofisini, Wajerumani wakadhani nimeposwa.

Basi tumeifundisha tabia yako. Wewe humwagi maji ya jana mtungini mpaka ya leo yafike mlangoni. Mashine sasa inaandika salio jipya pembeni, inahakikisha limekamilika, ndipo inaachana na la zamani. Ikikatwa katikati inarudia lile la zamani, na mwenye bahati anapata dumu moja la bure. Tumeikata kutwa nzima na imeamka kila mara. Pia tumeiwekea kitufe cha bluu ubavuni. Ukikibonyeza inanyamaza na maji yanaendelea, ukibonyeza tena inaongea. Mashine hiyo ndiyo iliyomo ndani ya boksi, Mbwana ataifunga mahali pa ile ya zamani. Swichi kubwa sasa iache ipumzike.

Mwenyekiti wa kamati asomewe hapa: mama hakukosea, aliheshimu adhana. Tuliokosea ni sisi tuliotengeneza mashine isiyojua kunyamaza. Bosi wangu ameandika hivyo hivyo, karatasi yenye mhuri imo ndani ya boksi. Ufunguo ubaki kiunoni mwako.

Nisalimie bibi, mwambie dua zake zimefika na baridi yote hii. Msalimie shangazi, aliyekutetea mbele ya watu, na mbuzi wake nimemsamehe. Mdogo wangu Hamisi asome, asijifanye fundi.

Nimebakiza jambo moja. Kwa kuwa tulikuwa tunaifungua programu yote, niliomba ile sauti ya kimjini iondolewe, na bosi akakubali. Mbwana akimaliza, gusisha kadi yako wewe wa kwanza. Utakayemsikia ni mimi. Nitaongea kutwa, mama, dumu kwa dumu, hata siku ambazo sikupigi simu. Na adhana ikilia, ninyamazishe kama zamani.

Mwanao asiyekoma kusema,
Zaina