Kiurdu cha mpishi

Nayab, shika simu!! Mama haniongeleshi, Baba kajifungia bafuni anacheka.

Wale wa posa wametoka sasa hivi. Shahmeer na mama yake, yule mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Naingia na chai na samosa, hata trei sijatua, mama mtu ananiuliza: ule mtihani wa kazi za serikali, somo la dini niliandika kwa lugha gani?

Nikasema Kiurdu, si unajua somo hilo tunachagua, Kiurdu au Kiingereza.

Akaweka kikombe chini kana kwamba kimeingia nzi. "Kiurdu? Binti yangu, kwetu Kiurdu tunaongea na mpishi tu. Shahmeer wangu aliandika kwa Kiingereza."

Na mpishi tu!! Lugha aliyobembelezewa na mama yake mzazi!

Mama yangu macho kwenye zulia. Mimi niliyefaulu nimekaa kama mwizi.

Baba ndiye akauliza, kwa upole wake ule, "Na kijana alipata ngapi?"

Shahmeer akameza samosa, akakiri mwenyewe.

KAFELI, Nayab! Masomo mengine yote kapita, kaangushwa na dini. Kwa Kiingereza chake hicho hicho!

Sasa sikia. Wanaaga, yule mama ananivuta mkono pale mlangoni, sauti imeshuka, naitwa mwanangu. Eti Shahmeer anarudia mtihani, safari hii kwa Kiurdu, nimpe notsi zangu.

Nikamwambia, "Chukua tu, anti. Mpishi wenu atamsomea."