Kisiwa Chenye Kila Muntu Alikataa

Mujukuu wangu Riziki,

Huku Baraka tuko bazima. Mama yako amevuna mihogo, anakusalimia sana. Unauliza kile kisiwa cha muchanga, katikati ya muto Mutambala, kilikuwa cha nani. Wakati ya Babeleji, bale bazungu benye balitutawala, sisi na bantu ba ng'ambo tulikuwa tunacheza pale ngoma na mupira kila siku ya Mungu, Jumapili. Lakini kila masika muto ulikisogeza, na kikisogea ngambo yenu, kiko chenu, ni ninyi munapikia bantu bote bugali na samaki badogo ba ndakala. Basi sisi tulikuwa tunapiga kelele: «Kiko kwenu!» Bale ba ng'ambo: «Hapana, kiko kwenu!» Mwaka moja mama yangu alichoka, akavuka mpaka kisiwani na chungu kichwani: «Leo kiko kwetu. Mukuje mukule!»

Sasa nikisikia bantu banagombania udongo, ninatamani kuuliza: nani atapika?

Koko yako