Insha ya Injinia, Ukurasa wa Tatu

Shinyanga mjini, Alhamisi, Novemba 1996

Mawingu yametanda tangu asubuhi na hayanyeshi. Yamekaa tu juu ya mji kama mgeni aliyesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Na moyo wangu leo uko hivyo hivyo.

Niandike kwa utaratibu, maana wiki hii nimejua thamani ya kuandika.

Injinia wetu anasoma. Shahada ya kwanza anayo, ofisi anayo, gari analo, na kitambi kimeshakomaa. Sasa anatafuta shahada ya pili, ya sheria za ujenzi, kwa njia ya posta, katika chuo cha ng'ambo kinachofundisha watu walio kazini. Bahasha za kaki zinakuja, insha zinarudi. Anayeandika ni yeye, anayechapa ni mimi. Kwa hiyo tunasoma wawili, ila cheti kitatoka kimoja.

Mimi niliishia darasa la saba, nikajifunza taipu kwa masista, na Kiingereza nimekiokota kwenye barua za watu. Lakini kitu kikipita kwenye vidole kumi, lazima kibakize kidogo. Nakiri pia: kwenye insha ya pili nilimnyooshea sentensi mbili bila kumwambia. Mwalimu wake akaandika pembeni kwamba hoja imejengwa vizuri. Injinia alitembea na karatasi ile wiki nzima. Nikanyamaza, nikafurahi peke yangu, furaha yenye ubaya kidogo ndani yake.

Insha hiyo ya pili ilihusu maagizo ya mdomo. Nilivyoelewa, msimamizi akimwagiza mkandarasi kwa mdomo, mkandarasi amwandikie barua ya kuthibitisha ndani ya siku saba. Asipoandika, ni kama hakuambiwa kitu. Kifungu hicho kimo hata katika mkataba wa ghala la pamba tunalolisimamia Tinde. Mkataba huo niliuchapa mwenyewe.

Basi Jumanne akanipa insha ya nne.

Swali lilitaka mfano wa kubuni. Ukurasa wa kwanza salama, wa pili salama. Ukurasa wa tatu, vidole vikasimama. Palikuwa na ghala la pamba. Palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Palikuwa na mkandarasi mzee, mwenye uzoefu mwingi na elimu ndogo, aliyemwaga zege la msingi juu ya udongo huo bila agizo la maandishi. Kuta zikapasuka. Nani alaumiwe? Injinia amejibu kwa aya nne, na zote zinaishia kwa yule mzee.

Sasa mimi najiuliza. Ghala la Tinde halijapasuka. Halina hata kuta. Zege la msingi limemwagwa Jumatatu ya wiki hii tu.

Mtu anayechonga jeneza wakati mgonjwa bado anakula ugali, huyo anajua nini?

Tena Ijumaa iliyopita nilikuwepo. Mzee Luhende, mkandarasi wa ghala, alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema ule mweusi haujaisha, bado kama kimo cha goti ndipo wafike kwenye udongo mgumu. Injinia, karanga zimemjaa mdomoni, akamjibu: "Anza, mzee. Mvua haitakusubiri wewe." Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Nikaendelea kuchapa. Hilo nalo nalikiri.

Jana Luhende alikuja kuchukua michoro. Mzee huyu amejenga nusu ya maghala ya barabara ya Tinde. Likipasuka hili, kwa kifungu kile atalijenga upya kwa jasho lake, na jina lake halitaitwa tena kwenye kazi yoyote mkoa huu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akaitika, akiniita mama kwa Kisukuma. "Watoto?"

"Wazima. Mzee, lile agizo la Ijumaa uliliandikia barua?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama alivaa gauni. "Barua ya nini? Mtu kaniambia kwa mdomo wake, tumesalimiana vizuri, nimeuliza na hali ya mkewe. Nimwandikie barua kama nadai talaka?"

"Sheria inataka."

"Kwetu ukimwandikia mtu aliyekuambia ana kwa ana, umemwita mwongo."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kifungu kile kinavyowala watu kama Luhende. Kinakula adabu yao. Na Injinia, mtoto wa wakulima kama sisi, analijua hilo kuliko mwalimu wake wa ng'ambo.

Lakini sikumwamini Luhende moja kwa moja. Mwezi huu kila mtu ana shamba la kulima, na msingi mfupi humrudisha mtu nyumbani mapema. Nikamuuliza: kwa nini hakukataa?

Akageuza kofia mkononi. "Ningekataa," akasema, "angemwita mwingine."

Hilo nililiamini, kwa sababu ndilo jibu langu mimi pia.

Nikamchapia barua ya mistari sita, kwa Kiswahili. Mkataba haukusema agizo lithibitishwe kwa lugha gani. Kwamba Ijumaa aliagizwa amwage zege, kwamba alitaja udongo mweusi, kwamba aliambiwa aanze, na kwamba mimi nilisikia. Akatia saini polepole, herufi moja moja, kama anapanga tofali.

Leo, siku ya sita, nimeipeleka mezani kwa Injinia na daftari la dispachi, lile ambalo kila anayepokea barua lazima alitie saini. Akasaini huku anaongea na simu. Hakutazama. Watu wenye shahada hawatazami wanachosaini kwa makarani.

Saa nane mchana akaniita.

Barua ilikuwa mbele yake, imenyooshwa. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mama Kulwa, hii nani kaandika?"

"Mzee Luhende."

"Luhende anajua neno 'kuthibitisha'?"

"Siku hizi watu wanajisomea, bosi."

Akacheka kwa pua. Kisha akaanza kugongagonga meza kwa kalamu. Nilijua anapima. Akikana, ataandika uongo, nami jina langu limo kama shahidi. Akikaa kimya, kwa kifungu kile agizo ni lake. Niliogopa, nisijidanganye. Nilikuwa nahesabu miezi ya kodi ya nyumba.

Mwishowe akasema, akitazama dirishani, "Mwambie Luhende asipandishe tofali. Avunje lile zege, achimbe mpaka udongo mgumu. Tutamweleza mwenye ghala ni uamuzi wa ofisi."

Nikasimama pale pale.

"Kuna nini tena?"

"Nimwambie kwa mdomo, bosi, au niandike?"

Nadhani tulitazamana mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Andika," akasema.

Nikachapa, akasoma kila mstari, akatia saini. Nakala moja ya Luhende imeondoka na lori la saruji. Moja iko kwenye faili. Ya tatu iko chini ya godoro langu, na Mungu anisamehe kwa kumwibia mwajiri karatasi.

Ningelala vizuri, kama mambo yangeishia hapo. Lakini nilipokuwa natoka aliniita tena, safari hii kwa upole mwingi, upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Ile insha ya nne usiipeleke posta. Nirudishie ukurasa wa tatu. Nabadilisha mfano."

Hakusema mfano mpya ni nani. Akanishukuru, hata. Miaka minne sijawahi kushukuriwa, na leo nimeshukuriwa.

Kesho atanipa huo ukurasa niuchape. Nitausoma wote kwanza, mikono ikiwa mapajani, kabla sijagusa herufi hata moja. Nikimkuta humo karani wa kike mwenye elimu ndogo na masikio makubwa, nitajua la kufanya?