Ziwa ndani ya sikio la kushoto

Mama Aline wangu,

Jambo kwako kule Manono, na kwa watoto wote. Kazi ya kuinua boti iliyozama ziwani hapa Kalemie ilinishusha majini na chupa ya hewa mugongoni. Papa Kalonda, fundi wetu wa kuzamia, alisema: "Ziba pua, puliza polepole mpaka masikio yafunguke. Yakikataa, panda." Yalikataa, kwa sababu vumbi la njia liliniachia mafua, nami nilikuwa nimeyaficha nisiachwe juu. Nikaendelea kushuka. Samaki mikebuka walinizunguka waking'aa kama mvua yenye jua. Sikio likauma, likalia pa! Maji ya baridi yakaingia, nikapoteza juu na chini. Nilifuata mapovu yangu tu mpaka kwenye mwanga.

Daktari anasema ngozi ya ndani ya sikio imetoboka, itajifunga yenyewe. Mama wa nyumba ninamolala ananinyima pilipili nisipige chafya.

Uliniuliza siku zote ziwa linalia namna gani. Sasa linalia ndani yangu, shwaa, shwaa, muchana kutwa. Naomba lisinyamaze mbele sijafika kwako, nikuwekee sikio kwenye sikio, na wewe ulisikie.

Papa Aline