Mashine Yako Inapanda Matombo

Baba Neema, mume wangu,

Kesho asubuhi kompyuta yako inapanda mlimani Matombo kwa wanakwaya wa parokia, na hairudi tena. Ndiyo maana nakuandikia humu humu ndani yake, kwa vidole viwili, mimi niliyeapa kwamba sitaigusa. Cheka tu, haki yako.

Unakumbuka siku uliyoileta hapa mjini, Mafiga? Kiwanda chenu kilikuwa kimeshauzwa kwa mwekezaji, ninyi mmeshapunguzwa kazi, na mji mzima umejaa mitumba ya kila aina: friji, redio, viatu, mpaka kompyuta. Wewe ukauza ndizi za shamba letu la mlimani, ukarudi na kalaptopu kadogo, rangi imechubuka pembeni. Nikakuuliza, "Ndizi zote zile, ndiyo hii?" Ukasema uliipata kwa bei nafuu kwa sababu haina Windows kama za wenzako; ina Linux, mfumo ambao watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja na kuugawa bure. Fundi alitaka kuufuta akuwekee Windows ya kunakili, ukamkatalia kabisa. "Ile ya kwake ni ya wizi. Hii ni ya wote." Halafu ukanitazama, uso umekukunjuka: "Mama Neema, kumbe ujamaa haujafa. Umehamia humu."

Wee! Nilidhani mwanaume kachanganyikiwa. Lakini tangu kiwanda kikutoe sikuwa nimekuona ukicheka, kwa hiyo nikakuwekea chai.

Ukiiwasha, maandishi yanaporomoka kwenye kioo cheusi, nawe unatangaza, "Subirini, inawaka," hata tukiwa wawili tu. Ukawaandikia majirani barua za maombi ya kazi. Ukacheza nayo drafti, ikikufunga unanuna. Mwisho ukaingia kwenye kutunga nyimbo za kwaya, na hapo ndipo nilipokupoteza. Unabofya noti moja moja, mashine inaziimba kwa sauti ya nyuki ndani ya debe, kisha unaniita kutoka jikoni niimbe sauti ya pili. Nikikosea unarudisha nyuma. "Mashine haijakosea, umekosea wewe." "Basi kaioe!" nilikujibu, mboga zinaungua. Nikaanza kuiita mke mwenzangu, na usidhani nilikuwa natania. Jioni zilizokuwa zangu alizichukua yeye.

Halafu ukaugua, ukaondoka. Tukakupeleka kukuzika Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yako, kama desturi yenu ilivyo. Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka kama gogo, watu wakaanza kunong'onezana.

Mtani wako, Mzee Kobelo, akavaa kofia yako na miwani yako, akaikumbatia kompyuta yako kifuani, akakohoa vile vile kama wewe. "Subirini, inawaka!" Waombolezaji wakavunjika mbavu. Unawajua watani msibani, hawana breki. Akaenda nayo mpaka ukingoni mwa kaburi, akainyanyua juu. "Aende na mke mdogo huyu! Huko virusi havimpati!"

Nikasikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi. "Rudisha! Rudisha mashine ya mume wangu!" Ndipo machozi yakatoka. Mzee Kobelo akasema kitu kilichochukuliwa na mtani kinakombolewa kwa malipo, na safari hii hataki pesa, anataka niimbe. Nikaimba sauti ya pili ya wimbo wako, peke yangu, mbele ya wakwe wote, kamasi zinatiririka, noti zinakwenda zinakotaka. Nilipomaliza akanikabidhi kwa mikono miwili, na yeye hakuwa anacheka tena.

Nikarudi nayo, nikaiviringisha kwenye kanga, nikaifungia kabatini. Wanakwaya wakaja kuiomba. Nyimbo zako zimo humo, na vijana wao wanataka kujifunza kuandika za kwao. Nikasema hapana. Mwanetu Neema akanisihi, nikamwambia asinifundishe ujane. Nilikuwa naona nikiitoa, umekwisha kabisa.

Juzi Mzee Kobelo kashuka mjini na mkungu wa ndizi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akalitazama kabati.

"Shemeji, mimi nilitaka kuizika kule, ukanipigia kelele. Sasa wewe umeizika hapa. Tofauti yetu iko wapi?"

Nilikasirika mno, nikampa chai bila sukari. Akainywa yote, akaaga. Mgeni hajafika hata barabarani, mimi nimeshashika ufunguo wa kabati.

Neema amenionyesha namna ya kuiwasha, akaniondolea neno la siri. Tangu jana nasikiliza nyimbo zako, moja baada ya nyingine. Naona wivu, Baba Neema, sikufichi. Vijana wa watu watakaa na wewe jioni nzima, na mimi nitakuwa hapa na redio. Lakini wacha waende nawe. Nimechoka kukulinda dhidi ya watu wanaokupenda.

Neema ameniuliza kama afute barua hii kabla gari halijaja. Nimemkataza. Naiacha wazi, katikati ya nyimbo zako. Atakayekuja kutafuta wimbo aikute, aisome, ajue kwamba aliyeandika noti hizi alikuwa na mke, na mke huyo bado anamtaka.

Pumzika, mume wangu. Huku nyumbani tupo.

Mkeo,
Mama Neema