Asifiwe Asiende kwa Benson

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa kaka Albano,

Shikamoo. Jumamosi ya tarehe 15 Machi mdogo wetu Stephano alipoteza jicho la kushoto kwenye uwanja wa Benson wa kufundishia mabodigadi. Unalijua hilo, ila kila nikiligusa kwenye simu, mtandao wa huko Doha unakatika. Ndiyo maana naandika. Jovina anarudi huko Jumatano, atakukabidhi mkononi.

Natumaini u mzima, na lile goti limetulia. Sie tupo. Mama anakula vizuri, duka la mabati linasogea. Mie ndiye sina usingizi.

Wewe umeelezwa na Benson tu, kwa hiyo sikiliza na upande huu. Stephano alipangiwa kumlinda "mheshimiwa", yaani mwenzake aliyevalishwa koti, huku wengine wakijifanya watu wa fujo na kumrushia mawe. Mawe kweli, kaka. Miwani ya kukinga hakuna. Benson alikuwa amewaambia kwamba bodigadi anayejua kazi hafumbi macho. Stephano hakufumba. Vijana thelathini na wanane, mwalimu mmoja, hata bandeji hakuna. Walimwosha kwa maji ya chupa wakampakia bodaboda.

Mwenyewe anafanya utani. Juzi kaniambia, "Dada, ukipita kushoto kwangu usinune nisipokuamkia." Nikacheka naye, kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya mifuko ya saruji mpaka nilipoweza kurudi kwa wateja.

Sasa binti yako Asifiwe anaanza hukohuko kwa Benson, Jumatatu tarehe 19. Anasema walinzi wa kike wanatafutwa sana, na hilo sibishi. Simkatazi kazi, namkatazia mwalimu. Nikimkumbusha jicho ananijibu, "Shangazi, baba mdogo alizubaa tu. Halafu baba ameshasema." Hapo ananimaliza.

Ni kweli umeshasema. Siku ya kumaliza msiba wa baba, simu ikiwa imewekwa spika mbele ya watu wa nyumbani, ulimwambia Benson, "Huyo mtoto akimaliza masomo ni wako." Naelewa. Hukuweza kuja kuzika, na Benson ndiye aliyeshika sururu mahali pako. Lakini ona kilichotupata. Nani angemdai cheti mtu aliyemchimbia baba kaburi? Mie mabati yakishushwa nahesabu moja moja, na dereva akinuna anune. Kwa Benson hakuna aliyeuliza hata alisomea wapi. Stephano akaingia hivyohivyo.

Sasa nimeuliza. Jumanne nilikwenda Ukonga kwa Bi Hamida, askari mstaafu anayefundisha kazi hiihii. Wanafunzi kumi na wawili, walimu wawili, wiki kumi; kwa Benson ni wiki mbili. Nilijiandaa kumhoji, akanihoji yeye: binti anaona vizuri? Ameshawahi kuzimia? Bila ripoti ya daktari hampokei. Wanaanza na huduma ya kwanza, kisha kukagua njia kabla bosi hajapita na kujua milango ya kutokea. Mambo ya kukabana yanakuja mwishoni. Nikamuuliza, na ajira je? "Mama, mie siahidi ajira. Anayekuahidi, mkimbie." Akanipa namba za watatu waliomaliza kwake, nimeongea nao wote. Benson nilimwomba namba kama hizo, akacheka.

Kinachonitetemesha ni kilichofuata. Alhamisi Benson kaja dukani na vijana wawili. Wale wakasimama mlangoni, wateja wakaanza kugeuza. Hakupandisha sauti. "Dada Auleria, nasikia unazunguka na maswali. Sie kazi yetu kulinda watu. Na jina letu tunalilinda vilevile." Akanunua misumari nusu kilo, akasubiri chenji, akaondoka. Tangu siku hiyo nafunga duka jua likiwa bado juu.

Jana asubuhi mmoja wa wale vijana alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, anaangalia nyumba. Asifiwe akatoka getini, akampungia.

Kaka, mie ni shangazi tu. Neno ulilitoa wewe mbele ya watu, na wewe peke yako ndiye wa kulirudisha. Mie nikilirudisha, Benson atasema namvunjia heshima, na sijui atamtuma nani tena. Ukisema wewe, hana pa kushika. Mshukuru kwa kaburi, na ukija mshukuru tena, mbele ya haohao. Ila mtoto si shukrani.

Nisalimie Gaspar na mkewe, waambie zile kanga zilifika. Mama anakusalimu, Stephano pia, na mwanangu Lusungu anakuamkia. Mungu akufunike huko uliko, na atufunike na sie huku.

Usinijibu kwa Jovina wala usiniandikie. Ijumaa tarehe 16, saa kumi jioni, nitakuwa nimekaa na Asifiwe, simu ipo mezani katikati yetu. Piga, uongee naye, siyo mie. Sitaki kusikia "tutaona", wala mtandao usikatike. Binti yako aende kwa Benson, au asiende?

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Auleria