Barua ya Shamsa Iko Chini ya Mto wa Kiti Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mambo hayajaniharibikia. Mimi ni karani mpiga chapa, mwaka wa kumi na tisa huu, nilianzia ushirika na walipopunguza watu nikapata kazi kwa kampuni binafsi inayonunua kakao hapa Kyela, na mwaka jana wakaleta kompyuta, meneja wetu Mzee Hezroni akauliza nani anaijua, nikanyoosha mkono, nilidhani ni taipureta yenye kioo. Kuiwasha naweza, zaidi ya hapo sijui kitu. Nimeifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, anayeingia anavua viatu, nami nikifunga mlango naandika kila kitu kwa taipureta yangu ya zamani, wanaosikia mlio wanadhani ndiyo kompyuta, na meneja ananishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama, mashine imeandika safi," nashukuru kwa aibu.

Februari Shamsa, binti wa mwenye duka la vitenge, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alileta barua ya kuomba kazi, meneja yuko safarini Ipyana, nikaipokea na kuiweka chini ya mto wa kiti changu, iko hapo hadi leo. Kila Jumatatu anapita: "Shikamoo, mama. Bado hawajajibu?" Namwambia avute subira. Sasa wakubwa wa Mbeya wanakuja mwisho wa mwezi kuniona nikiitumia. Nina watoto watatu shuleni. Nijifanye mgonjwa?

Karani Mwenye Hofu, Kyela

Mama Karani, pole. Majina nimeyabadili.

Mkono ulionyoosha nakusamehe. Ofisi nyingi zina mashine zilizofunikwa vitambaa kwa kukosa mtu wa kuzitumia, na aliyezeeka na taipureta lazima aogope. Lakini kuikalia barua ya mtoto wa watu, naye anakuamkia kila wiki, hapo umenikera. Wewe unaogopa kukosa kazi, yeye umeshamkosesha.

Usijifanye mgonjwa, wakubwa watarudi ukipona. Ukimaliza kusoma hapa, mpelekee meneja barua hiyo na umweleze yote, hata habari ya taipureta. Mwombe amwajiri Shamsa na wewe akubakize ufundishwe naye, maana wakulima wa Bujonde na mafaili yao unawajua wewe. Anaweza kukufukuza, sikufichi.

Kisha nenda dukani kwao Shamsa, usingoje Jumatatu. Na ukifika usisubiri shikamoo yake. Tangulia wewe kumwomba radhi.